Kabla hamjawatandikia vitanda watoto wa watu: ushuhuda wa mkalimani wa timu za kujitolea

Mkalimani_Njombe (mleta uzi)

Wakuu, Bwana asifiwe kwa waamini, na salamu kwa wote.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Leo mnivumilie, uzi ni mrefu. Juzi nimepigiwa simu na mchungaji mmoja wa huku kwetu Njombe. Kuna timu ya kanisa kutoka Marekani, watu kumi na wanne, inakuja Julai kwa wiki mbili kuandaa kituo cha watoto yatima. Jengo limeshaezekwa. Wao watapaka rangi, wataunga vitanda, watachora tembo na twiga ukutani, na siku ya mwisho watawapokea watoto wa kwanza. Anataka niwe mkalimani wao. Nimemwomba siku tatu nifikiri, na ndani ya siku hizo ndiyo naandika haya.

Kazi hiyo naijua. Kati ya 2008 na 2015 nimetafsiri kwa timu nyingi za namna hii: Wamarekani, Wajerumani, Waholanzi, safari moja Wakorea. Ni watu wema, na nalisema hilo kwa moyo wote. Nimemwona mzee wa miaka sabini, fundi bomba mstaafu, amelala chali chini ya sinki, maji ya baridi yanamdondokea usoni, mwezi wa saba. Mnaoijua baridi ya Njombe ya mwezi wa saba mnaelewa. Hakutoka pale mpaka maji yakapatikana. Nimekutana na mabinti waliouza keki mwaka mzima ili wapate nauli. Sijaona hata mmoja aliyekuja kwa nia mbaya.

Na sababu ya kuja walikuwa nayo. Mkoa wetu ulipigwa na ukimwi kuliko mikoa yote. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya watu wazima Njombe ni asilimia 11.4, na majirani zetu Iringa asilimia 11.3. Hiyo ni baada ya dawa kufika. Miaka ya nyuma yake, hasa kule Makete, watu walizika mpaka wakachoka, na watoto wakabaki na bibi zao. Wageni walisikia, wakaguswa, wakaja.

Sasa nieleze kosa langu.

Mwaka 2009 nilikaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, kushoto kwangu mtendaji, kulia kwangu kiongozi wa timu. Mtendaji alikuwa na daftari lenye majina thelathini na moja ya watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Mmoja kafiwa na baba, mwingine na mama. Mwingine wazazi wote wapo ila baba kaenda kutafuta maisha na hajarudi. Mmoja alikuwa na ulemavu wa miguu, baba na mama wazima kabisa, ila hawana cha kumfanyia. Kiongozi akaniuliza, hawa ni yatima? Nikamuuliza mtendaji. Akajibu, ndiyo, ni yatima na wenye mazingira magumu. Nikageuka, nikasema kwa Kiingereza neno moja tu, lile fupi: orphans.

Sikukusudia kudanganya. Kwetu mtoto aliyefiwa na baba ni yatima hata kama mama yake analima shamba la jirani. Lakini yule mgeni alisikia mtoto asiye na mtu yeyote chini ya jua. Neno langu likapanda ndege, likasomwa kanisani kwao, likachapishwa kwenye vipeperushi vyenye picha, watu wakalichangia. Lilivyorudi lilikuwa vitanda ishirini vya dabo deka.

Nimejifunza kitu ambacho sikuambiwa na mtu: kitanda kikishatandikwa kinatafuta mtoto. Nafasi zilikuwa arobaini, watoto waliopatikana kwa haraka kumi na tisa. Mfadhili akauliza wengine wako wapi. Basi mwenyekiti wa kitongoji akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nani atakataa mjukuu wake asome, ale nyama, alale kwenye godoro?

Kuna bibi mmoja alikuja kwa miguu kutoka kitongoji cha pili, kamshika mjukuu wa miaka minne. Alimvalisha sweta ya kijani ya shule ya kaka yake, mikono imekunjwa mara tatu. Kwenye kikapu ana viazi na jogoo kafungwa miguu, zawadi ya wageni. Pale getini timu ilikuwa imejipanga mistari miwili inaimba. Mtoto akang'ang'ania khanga ya bibi. Dada mmoja akapiga magoti, akafungua mikono, akaniomba nimwambie mtoto kwamba sasa hapa ndipo nyumbani kwake. Nikatafsiri. Bibi akanisogelea, akaniuliza kwa Kibena, polepole watu wasisikie: kwani kule kwangu palikuwa ni wapi?

Hilo sikulitafsiri.

Timu ikaondoka, ikaja nyingine, na nyingine. Mwaka ulipokwisha yule mtoto alikuwa akisikia gari tu anakimbia, anakumbatia miguu ya yeyote atakayeshuka. Wageni walikuwa wanalia kwa furaha, wanasema anatupenda. Mama mlezi, ambaye usiku alikuwa peke yake na watoto kumi na wawili, aliniambia tukiwa jikoni: mtoto aliyeleleka hamkimbilii mgeni, anajificha kwanza nyuma ya mama yake. Huyu hana wa kujificha nyuma yake.

Wakuu, nifanyeje? Nikikataa, atapatikana kijana mwingine anayejua Kiingereza. Nikikubali, nitakaa tena kwenye lile benchi.

Dada_Nesi_Mbeya

Mleta uzi, pole na hongera kwa ujasiri. Nimesoma nikiwa zamu, nikalazimika kuweka simu chini kwanza.

Niongeze kidogo kwenye alilosema mama mlezi, kwa sababu amesema kweli ambayo wataalamu waliitafuta kwa miaka. Romania, tangu amri namba 770 ya 1966 ya mtawala wao Ceaușescu iliyozuia utoaji mimba, wanawake walizaa watoto wasioweza kuwatunza, na serikali ikawajaza kwenye majumba ya kulelea watoto. Utawala ulipoanguka Desemba 1989, zaidi ya watoto laki moja walikuwa humo. Makanisa ya Ulaya na Marekani yakapakia magari nguo, rangi na vitanda, yakaenda. Walifanya kazi kubwa, watoto wakapata joto na chakula.

Lakini kuna watafiti walikwenda Bucharest kuanzia mwaka 2000, wakachukua watoto 136 waliokuwa kwenye vituo, umri kati ya miezi sita na miezi thelathini na moja. Nusu wakapewa familia za malezi kwa kura, nusu wakabaki katika matunzo ya kawaida ya serikali. Wakawafuatilia miaka mingi: akili, kimo, hata umeme wa ubongo wakaupima. Waliokwenda kwenye familia walifanya vizuri zaidi, hasa walioondoka kabla ya kufikisha miaka miwili. Na lile la kumkumbatia mtu yeyote anayeingia mlangoni wameliandika kabisa, ni alama ya mtoto ambaye hakuwa na mtu mmoja wa kwake. Mwaka 2004 Romania ikatunga sheria kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe kwenye kituo, isipokuwa awe na ulemavu mkubwa.

Sisi wodini tunaona hivyo hivyo. Kichanga anayebebwa na mikono ishirini hanenepi sawa na anayebebwa na mikono miwili.

Kijana_wa_Kituo

Naomba kutofautiana, kwa heshima zote.

Mimi nimelelewa kituoni. Mama alifariki akinizaa, baba hajulikani mpaka leo, na ndugu wa mama walisema nina mkosi. Ningekuwa nani bila wale masista? Nilinyonyeshwa maziwa ya kopo na watu wenye imani. Nimesoma mpaka chuo. Nikisoma nyuzi kama hizi naogopa, maana mtu akisoma haraka ataondoka na kauli moja tu, kwamba vituo ni vibaya, na kesho kutwa kichanga kitaachwa kwenye majani ya chai na hakuna mlango wa kugonga.

Pia msisahau kwamba huko nyumbani mnakokusifia kuna watoto wanaopigwa, wanaofanyishwa kazi, wanaolala na mbuzi. Ndugu si malaika.

Ila nikubali jambo moja, kwa sababu nimejiapiza kutodanganya kuhusu utoto wangu. Picha ninazo nyingi sana. Nimekumbatiwa na watu ambao siwajui majina. Nina picha moja nimebebwa na kijana mwenye miwani, nyuma yake imeandikwa "rafiki yako daima". Nilimsubiri yule mtu miaka kadhaa. Nilikuwa najua mlio wa gari lililomleta.

Mkalimani_Njombe

@Kijana_wa_Kituo mdogo wangu, asante. Wewe ndiye ambaye mlango ule ulijengwa kwa ajili yake, na Mungu awabariki masista. Simpingi aliyefungua mlango kwa mtoto aliyetupwa. Ninachokiogopa ni mlango unaofunguliwa kwanza halafu ndipo watu watumwe kutafuta wa kuingia.

Hilo la picha limenigusa. Nadhani baadhi yake nimezipiga mimi, maana walikuwa wananipa kamera.

Mwinjilisti_Mzee

Shaloom. Wanangu, tusiwakatishe tamaa watu wa Mungu. Mhubiri George Müller kule Bristol, Uingereza, alikuwa na imani tu, hana mshahara wala hamwombi mtu, na alilea watoto zaidi ya elfu kumi. Angekaa kusubiri tafiti, wale watoto wangekufa mitaani. Yakobo 1:27 imekwisha kusema dini safi ni ipi. Timu hiyo ije, tuipokee, na mleta uzi afanye kazi yake ya kutafsiri.

Mkalimani_Njombe

Shikamoo mzee wangu. Müller nami nampenda, na kwa sababu nampenda nimemsoma.

Alifungua nyumba ya kwanza mwaka 1836 mtaani kwake, Wilson Street, katika mji aliokuwa anaishi na kuhubiri. Alipojenga yale majumba makubwa ya Ashley Down, la kwanza likafunguliwa 1849, kanuni yake ilikuwa mtoto awe amefiwa na baba na mama, wote wawili. Aliulizia, aliandikisha, alitaka ushahidi. Na baada ya wiki mbili hakuondoka. Makao yake na kazi yake vilibaki mji ule ule mpaka alipofariki 1898. Tena kazi aliyoianzisha, mwaka 1958 waliyauza yale majengo na kuwahamishia watoto kwenye nyumba ndogo ndogo za kifamilia. Warithi wake wenyewe ndio walioamua hivyo, mzee.

Na Yakobo 1:27 nimekaa nayo siku hizi tatu. Inataja yatima na wajane kwa pamoja, na inasema tuwaendee katika dhiki yao. Sisi tumemchukua yatima tukamwacha mjane nyuma ya geti na kikapu chake.

Mwinjilisti_Mzee

Marahaba mwanangu. Hilo la mjane sikuwahi kulitazama hivyo. Ngoja nikae nalo.

Baba_Neema_Ohio

Wakuu, nimeingia humu kwa kutumiwa kiungo na shemeji. Naandika nikiwa Columbus. Mimi ni Mkongo wa Uvira, nimepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku. Kanisa tunalosali lina timu inayojiandaa kwenda nje kuandaa kituo cha watoto. Nchi sitaitaja, lakini si Tanzania. Mimi nimechaguliwa kwenye kamati, kwa sababu ni Mwafrika, wanadhani najua. Fedha za vitanda na magodoro tumeshachanga.

Nilisimama kwenye kamati nikauliza swali moja: watoto tunao? Mwenyekiti akasema watapatikana. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mpole ambaye huwa haongei, akasema, tukumbuke Haiti. Wengi hawakukumbuka, ikabidi aeleze, na mimi nikaenda kusoma.

Tetemeko la Haiti lilipiga tarehe 12 Januari 2010. Tarehe 29 mwezi ule ule, Wabaptisti kumi wa Marekani, wengi wao wa makanisa mawili ya Idaho, walikamatwa mpakani wakitaka kuvuka kwenda Jamhuri ya Dominika na basi lenye watoto 33. Mdogo kabisa alikuwa na miezi miwili, mkubwa miaka kumi na miwili. Upande wa pili walikuwa wameshakodi hoteli Cabarete, mji wa pwani, iwe makao ya muda wakati wakijenga kituo chao. Karatasi za serikali za kuwavusha hawakuwa nazo. Walisema wanaokoa yatima. Waandishi wa habari walipopanda milimani, kijiji cha Callebasse juu ya Port-au-Prince, wakakuta wazazi wako hai, wamewatoa watoto wenyewe kwa kuahidiwa shule na maisha mazuri. Wale wageni walikaa jela, wengi wao hadi katikati ya Februari, na kiongozi wao hadi Mei, akatiwa hatiani kwa kupanga safari isiyofuata sheria. Watoto walihifadhiwa kwanza kwenye kijiji cha kulelea watoto cha SOS.

Nisikilizeni vizuri. Mimi nimeishi kambini. Najua mzazi anayempa mgeni mtoto wake anafikiri nini. Mwaka fulani alikuja mtu na gari akasema anachukua watoto watano wakasome. Mke wangu alimwogesha binti yetu Neema, akampaka mafuta, akamvisha gauni lake la Krismasi. Alikuwa tayari. Hatukuwa hatumpendi. Ni kwa sababu tulikuwa tunampenda. Gari lilijaa kabla ya zamu yetu, na leo Neema anasoma uuguzi hapa Columbus, anakula mezani kwangu. Wale watano sijui walipo, na mama zao wawili walikuwa majirani zangu.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mzazi alikubali, najibu kwamba kukubali kwa mtu mwenye njaa si ruhusa.

Swali langu kwa wenye ujuzi: fedha tumechanga kwa jina la vitanda. Tufanye nini nazo bila kuwavunja moyo wale wamama waliotoa dola zao kumi kumi?

Afisa_Mstaafu

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri tatu kabla ya kustaafu. Nitajibu kwa upande wa Tanzania.

Kituo hakipokei mtoto kabla ya leseni. Msingi ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni za makao ya watoto za 2012. Mtoto haingii kituoni kwa makubaliano ya mchungaji na bibi, hata wakisaini mbele ya mwenyekiti. Anapitia kwa afisa ustawi wa jamii, kaya yake inachunguzwa, na kituo ni hatua ya mwisho baada ya ndugu na walezi wa kuaminika kushindikana. Na wageni wa kujitolea waje na kibali cha ukaazi daraja C na taratibu zake. Viza ya matembezi si ya kufanyia kazi, hata kazi yenyewe ikiwa ya Mungu na haina malipo.

Hayo ni makaratasi. Kazi yenyewe iko hapa.

Nilipokuwa naletewa mtoto "asiye na ndugu", kitu cha kwanza nilikuwa naomba daftari la rambirambi la msiba wa mzazi wake. Kwetu hakuna msiba usio na daftari. Mle ndani utamkuta baba mdogo wa Makambako aliyetoa elfu tano, shangazi wa Tunduma aliyeleta debe la mahindi, mama mkubwa aliyetuma kwa simu. Hao ndio ukoo. Ninaita kikao. Kikao cha kwanza kila mtu anasema hana uwezo. Sibishani. Nauliza, tukikuondolea ada na sare, je? Tukikuezekea chumba kimoja bati, je? Hapo utamsikia mmoja anakohoa. Kikao cha pili mara nyingi mtoto ana kwake. Simaanishi kila mtoto. Wapo niliokosa kabisa, na wapo niliowapeleka kwa ndugu nikarudi kuwatoa kwa sababu waliteswa, hilo @Kijana_wa_Kituo amesema kweli na limenitoa machozi. Ndiyo maana kumpeleka mtoto kwa ndugu bila mtu wa kwenda kumtazama mara kwa mara ni kumtupa pia.

@Baba_Neema_Ohio, magodoro si dhambi. Bibi anayelala na wajukuu wanne kwenye ngozi anahitaji godoro. Waulizeni wenzenu wa huko mnakokwenda kama magodoro yale yanaweza kwenda kwenye nyumba badala ya bweni. Wale wamama wa dola kumi waandikieni barua ya kweli, mseme godoro lako limefika kwa bibi fulani. Mimi naamini watafurahi zaidi.

Wa_Kisumu

Hamjambo wadau. Kwetu Kenya hii safari tushaianza na si rahisi. Mwaka wa 2014 serikali ilisimamisha watoto kuasiliwa na wageni wa nje. 2017 ikasimamisha usajili wa vituo vipya. Halafu 2022 tukapata Sheria mpya ya Watoto na mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwa familia na kufunga vituo hatua kwa hatua.

Mimi nilikuwa mhasibu wa kituo kimoja hapa Nyanza. Nawaambia siri ya vitabu vya hesabu: ile pesa tulikuwa tunatumia kwa mtoto mmoja kwa mwezi, ukijumlisha walinzi, mafuta ya gari, mishahara na kupokea wageni, ingelisha mama yake na ndugu zake wote watatu pale Ahero. Nilionyesha bodi. Mmoja akaniuliza, na wafadhili tutawaonyesha nini? Nikakosa jibu, nikaacha kazi mwaka uliofuata.

Kubadilisha kituo inawezekana. Chetu leo ni kituo cha mchana: watoto wanakuja kusoma, wanakula, jioni wanaenda kwao. Mabweni yamekuwa madarasa ya ushonaji ya mama zao.

Mnyarwanda_Dar

Rwanda baada ya 1994 vituo vilijaa kwa sababu ambayo hakuna asiyeijua. Mwaka 2012, ilipopitishwa sera ya kuwarudisha watoto kwenye familia, hesabu ilionyesha vituo 33 na watoto 3,323. Mpango unaitwa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Walezi wa kujitolea wanaitwa Malayika Murinzi, malaika mlinzi.

Mama yangu mkubwa ni mmoja wao. Alimpokea binti wa miaka tisa aliyekuwa hajui chumvi inawekwa saa ngapi kwenye chungu, maana maisha yake yote chakula kilitoka dirishani. Leo ndiye anayepika sikukuu.

Dada_Nesi_Mbeya

Mleta uzi, siku tatu zimeisha. Umemjibu nini mchungaji?

Mkalimani_Njombe

Wakuu, nimetoka kwake usiku huu. Tumekaa masaa manne, mkewe ametuletea chai mara tatu.

Nilimwambia yote, hata la neno nililotafsiri 2009. Alikasirika kwanza, akasema nataka kuua huduma. Nikamsomea jibu la Afisa, lile la daftari la rambirambi. Akanyamaza. Akaingia ndani, akatoka na daftari la msiba wa binti yake mwenyewe, aliyefariki akaacha watoto wawili. Wale watoto anawalea yeye, wako hapo hapo wanafanya kazi za shule mezani. Hakusema kitu kirefu. Alisema tu, hawa walikuwa kwenye orodha ya kituo.

Tumepiga simu Marekani usiku huu, nimetafsiri. Nimewaeleza kwa Kiingereza kirefu, si kwa neno moja, kila mtoto ana nani. Kwenye orodha yao kuna watoto ishirini na watatu. Tumewapitia jina kwa jina. Wasio na mtu kabisa, ambao ustawi wa jamii wenyewe umewatafutia ndugu ukakosa, ni watatu. Kiongozi wa timu alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza kama tembo na twiga wanaweza kuchorwa kwenye darasa la awali la kijiji. Nikamwambia kuta zake hata lipu hazina. Akasema watakuja na fundi lipu.

Timu inakuja, lakini wamepunguza watu, wanakuja sita, na nauli za wanane zimebadilishwa kuwa bati na ada. Mapokezi ya watoto siku ya mwisho yamefutwa. Chumba kimoja cha jengo kitakuwa cha wale watatu pamoja na mama mlezi mmoja atakayelala nao, kikipata leseni. Kikikosa, hawaingii. Vyumba vingine bado hatujaelewana, na mchungaji bado ana mashaka, sitawaficha. Nimekubali kutafsiri.

Kijana_wa_Kituo

Kaka, hao watatu mkiwapata, waandikieni walikotoka. Jina la kijiji, jina la mama, kaburi liko wapi. Mimi yangu ilikuwa karatasi moja, na ilipotea kwenye mafuriko ya stoo. Ukiwa na miaka thelathini unaitafuta hiyo karatasi kuliko unavyotafuta kazi.

Na yule wa sweta ya kijani alipata nini?

Mkalimani_Njombe

Nitaandika jina la kijiji, jina la mama na kaburi lilipo, kwa mkono wangu, nakala tatu. Nakuahidi.

Yule wa sweta ya kijani alikaa mle miaka sita. Mwaka 2015 wafadhili walisimama, kituo kikafungwa, watoto wakarudishwa kwa siku mbili, kila mmoja na begi lake. Niliombwa nisaidie kuwapeleka. Alikuwa na miaka kumi, mrefu, anajua Kiswahili safi na Kiingereza cha nyimbo.

Bibi alikuwa nje anapukuchua mahindi. Alisimama, akafuta mikono kwenye khanga, akamsemesha maneno mengi mfululizo. Mtoto akanitazama mimi. Bibi hajui lugha nyingine zaidi ya Kibena, na yule mtoto Kibena kilikuwa kimemtoka chote.

Nikavuta kigoda, nikakaa katikati yao, nikaanza kutafsiri.